Mashua ya tanga haikubali kuingia kati ya nguzo: dalili, sababu na tiba kwa anayeendesha peke yake

Nguzo zetu ziko kusini mwa mji wa Kigoma, kwenye kijighuba kabla hujafika Katonga. Kila mashua ina nguzo nne za mti: mbili upande wa ziwa, mbili karibu na ufuko. Mashua inalala katikati, omo (mbele ya mashua) likitazama nchi kavu, tezi (nyuma yake) likitazama Kongo. Yangu ina urefu wa mita 5.5 na upana wa mita 2, na kati ya nguzo na nguzo pana mita 3.2. Piga hesabu: unabaki na sentimita 60 kila upande. Hiyo ndiyo nafasi yako yote ya kukosea.

Ziwa likiwa shwari, kijana aliyejifunza juzi anaingia bila kugusa. Taabu inakuja kuanzia Mei hadi Septemba, kusi, upepo wa kusini, inapopanda ziwa na kutukata ubavuni, upande wa kulia wa anayeingia. Hapo mtu asiye na utingo wa kumrushia kamba ndipo anapopasua mbao na kung'oa usukani. Nimevunja usukani mmoja kwa njia hiyo, na kidole cha mwenzangu mmoja kilivunjika mbele ya macho yangu, kati ya ubavu wa mashua na nguzo. Ndiyo sababu naandika haya kwa kirefu.

Maneno mawili nitayatumia sana. Joshi ni upande upepo unakotoka. Demani hapa ni upande upepo unakokwenda. Ukiingia kwetu wakati wa kusi, nguzo ya kulia ni ya joshi, ya kushoto ni ya demani.

Na msemo mmoja: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani, yaani ndani katikati ya chombo. Watu wanausema kwa mambo ya maisha, lakini kwa mwenye mashua peke yake ni maelekezo ya kazi kama yalivyo. Kamba ya omo na kamba ya tezi zitangoja. Kamba ya kwanza inafungwa katikati ya mashua, upande wa joshi. Karibu kila dalili iliyoko hapa chini, ukiifuata hadi chanzo chake, utakuta kamba hiyo haikuwepo, au ilifungwa mahali pengine.

Omo linatupwa demani kabla hujafika

Hii ndiyo dalili inayowaleta watu wengi kuniuliza. Unakuja vizuri, umenyooka, umepunguza mwendo kwa adabu, na mita tano kabla ya nguzo omo linageuka kushoto lenyewe. Unakata usukani kulia, hausikii. Unaongeza injini, umechelewa: mashua imelala mshazari mdomoni mwa maegesho.

Watu wanalaumu upepo kwamba umepiga ghafla. Mara nyingi upepo ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni mwendo wako. Usukani ni ubao tu. Unafanya kazi maji yanapopita juu yake. Mwendo ukiisha, usukani unakufa, na upepo unabaki peke yake na mashua yako. Upepo nao hausukumi sehemu zote sawa. Mbele mashua ni nyepesi, imeinuka, haikuzama sana, tena mlingoti uko karibu na huko. Nyuma uko wewe, iko injini, uko usukani uliozama majini. Basi mbele ndiko kunakotangulia kuondoka.

Tuseme unaingia kwa mwendo wa mtu anayetembea taratibu, mita 1 kwa sekunde. Urefu wa mashua yangu unaisha kwa sekunde 5 na nusu. Kama upepo unaisogeza pembeni sentimita 30 kila sekunde, hadi hapo nimesogea kama mita 1.65. Sasa punguza mwendo uwe nusu, kwa nia njema ya kuwa mwangalifu. Utatumia sekunde 11, na utasogea mita 3.3. Nafasi nzima ya kati ya nguzo ni mita 3.2! Yaani woga wako umekupeleka kwenye nguzo ya demani kwa uhakika kuliko upepo wenyewe.

Kwa hiyo tiba ya kwanza ni kutopunguza mwendo mapema. Ingia na mwendo unaotosha usukani kusikia mpaka tezi lipite nguzo ya joshi, kisha kamba ndiyo ikusimamishe. Bila shaka hili linatisha kama hakuna kamba ya kukusimamisha. Ndiyo maana kamba inatayarishwa kwanza, nami nitaieleza hapa chini.

Tiba ya pili ni mahali unapolenga. Karibu kila mgeni analenga katikati, kwa kuwa katikati panaonekana pa haki. Lenga nguzo ya joshi. Pita karibu nayo kiasi cha kuigusa ukinyoosha mkono, huku omo ukiliacha litazame upande wa joshi kidogo. Utaona kama unakwenda kuigonga. Hutaigonga, kwa sababu upepo unakuondoa kwake muda wote. Nguzo ya kuogopa ni ile nyingine.

Sababu ya tatu ni tanga la mbele lililoachwa juu, au lililoshushwa likabaki furushi omoni linalokamata upepo. Likusanye na kulifunga kwa kamba ukiwa bado nje, penye maji mapana. Tanga kubwa nalo litue lote kabla ya kuingia. Upepo wa ubavuni ukilijaza kati ya nguzo, hakuna mkono utakaolizuia.

Tena usipime upepo kwa mazoea. Nguvu yake haiongezeki sawasawa na kasi yake: kasi ikizidi mara mbili, nguvu ya kusukuma inakuwa mara nne. Aliyeingia vizuri jana na upepo wa noti 8 (noti ni kipimo cha kasi cha mabaharia) asishangae leo na noti 16. Mimi nimefunga utepe wa kanga kwenye kamba ya mlingoti, urefu wa shibiri moja. Ukining'inia na kutikisika, naingia. Ukinyooka moja kwa moja bila kushuka hata kidogo, nazunguka nje kwanza niangalie kama unalegea kati ya kipigo na kipigo.

Unajikuta umekumbatia nguzo isiyo yako

Mashua imesukumwa, umeinuka, umekamata nguzo ya demani kwa mikono miwili, na sasa huwezi kuondoka. Ukiachia, tezi linazunguka. Usipoachia, kamba zote ziko mbali.

Chanzo ni kwamba nguzo ya demani inakuja yenyewe mkononi, na mtu aliyebabaika hushika kilicho karibu. Lakini kamba ya demani haizuii chochote wakati huo. Upepo tayari unakubana huko.

Kama umeshafika hapo, usipigane. Weka matairi ubavuni, acha mashua iegemee, vuta pumzi. Nilipokuwa nimekwama hivyo Julai moja, mzee mmoja fundi wa mashua alikuwa ufukweni akiziba nyufa za chombo kwa pamba. Nikamwita, "Shikamoo mzee, nisaidie kusukuma!"

"Marahaba. Nisukume niipeleke wapi, mwanangu? Imeshatulia hiyo. Tafuta kamba ya upande wa juu."

Alikuwa sahihi. Mashua iliyoegemea matairi haiharibiki. Inayoharibika ni ile inayosukumwa na kurudishwa, kusukumwa na kurudishwa. Chukua kamba ndefu, ifikishe nguzo ya joshi kwa upondo (mti mrefu wa kusukumia mashua), kisha jivute polepole kati ya kipigo kimoja cha upepo na kingine. Na mikono isikae kamwe kati ya mbao na nguzo. Mashua ndogo yenye vitu vyake ni mamia ya kilo. Haiwezi kuzuiwa kwa kiganja wala kwa mguu.

Kitanzi hakiingii, au kinaangukia majini

Hapa ni suala la maandalizi, na ndipo mahali ninapopapenda zaidi, kwa sababu shilingi chache zinamaliza tatizo la miaka.

Kitanzi cha kamba tupu hujifunga chenyewe. Unakirusha kikiwa duara, kinafika kikiwa mstari. Chukua kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, urefu wa mita moja na nusu hivi, pitisha kamba ndani yake, ndipo ufunge kitanzi kwa fundo lisilokaza. Sasa kitanzi kinabaki wazi kama hula la watoto, upana wa ungo. Usikirushe hata hivyo. Kitundike kwenye ncha ya upondo penye panda, kiweke juu ya nguzo inapopita karibu yako, vuta upondo. Ukilenga nguzo ya joshi kama nilivyosema, utakuwa na sekunde mbili au tatu za kufanya hivyo, nazo zinatosha.

Kamba hiyo upande wa pili inakwenda kwenye kishikizo (kifaa cha kufungia kamba) cha katikati ya mashua, upande wa joshi. Isikazwe kwanza. Izungushe kishikizo nusu mzunguko tu, na mkia wake uushike wewe ukiwa umekaa kwenye usukani. Mashua inasonga mbele, kamba inateleza, nawe unaibana kidogo kidogo. Usijizungushie mkononi hata mara moja.

Jambo lililonisaidia kuliko yote ni uzi mwekundu. Siku ya shwari niliiweka mashua mahali pake kamili, nikakaza ile kamba ya katikati, nikashona uzi mwekundu pale ilipokutana na kishikizo. Tangu siku hiyo sikadirii umbali wa ufuko. Uzi ukifika kwenye kishikizo, nafunga. Omo linasimama nusu mita kabla ya nguzo za ndani, mchana au usiku.

Kamba imeshika, lakini mashua inazunguka

Kitanzi kimeingia, umefurahi, kamba imekaza kwa mshtuko, na mashua imejigeuza ubavu. Angalia ilikofungwa.

Ikiwa tezini: kamba imesimamisha nyuma, mbele imebaki huru, upepo umeichukua kwenda demani. Ikiwa omoni: kamba inavuta omo nyuma kuelekea nguzo uliyoipita, na tezi linakwenda zake. Kosa hili la pili watu wanalitoa bandarini, kwa kuangalia meli kubwa. Liemba, iliyoshushwa majini hapa hapa Kigoma mwaka 1915, ilikuwa na watu wa kamba za mbele na watu wa kamba za nyuma, nao walifanya kazi pamoja. Aliye peke yake hawezi kuwa omo na tezi kwa wakati mmoja, basi asiige.

Ikiwa imefungwa katikati na bado inazunguka, umebana kwa ghafla, au umezima injini mapema mno. Kamba ikishakaza kwenye uzi mwekundu, acha injini isukume mbele kwa nguvu ndogo kabisa, huku umeigeuza kana kwamba unataka kukata kona kwenda joshi. Mashua inavutwa mbele na injini, inazuiwa na kamba, na kwa kuvutana huko inasogea upande wa joshi na kutulia hapo. Ukiona kwa mara ya kwanza utadhani kuna mtu ameishika. Kwa kamba moja unapata muda wa kufanya mengine yote bila kukimbia.

Mengine ni haya: kamba ya omo upande wa joshi, kisha tezi upande wa joshi, na mwisho zile mbili za demani, ambazo unaweza kuzifunga hata baada ya kunywa maji. Lakini usitembee kwenda omoni injini ikiwa inasukuma. Kamba ya omo iandae ukiwa nje: ifunge omoni, ipitishe nje ya kamba zote za mlingoti, irudishe nyuma mpaka ulipokaa. Utaunyoosha upondo na kuifikisha nguzoni ukiwa pale pale, na ule uzi wa kuzimia injini ukiwa bado mkononi mwako. Uzi huo usiuvue. Ukianguka majini peke yako na injini inaendelea, hakuna wa kuizima. Jaketi la kuokolea nalo livaliwe, hata kama ufuko uko mita kumi.

Kwa maegesho ya kudumu, funga kamba ya mwongozo. Ni kamba iliyokazwa toka nguzo ya nje ya joshi hadi nguzo ya ndani ya joshi, usawa wa kiuno chako ukiwa umesimama ndani ya mashua. Ukishapita nguzo ya nje, unaikamata na kutembea nayo. Sijui kwa nini wengi hawaifungi. Mita nane za kamba tu.

Injini imekufa, au hukuwa nayo

Usijaribu kuingia kwa tanga na upepo wa ubavuni kwenye nafasi ya mita 3.2. Kaa nje. Endesha ukiutazama upepo hadi nguzo ya nje ya joshi, tanga likipepea bila kujaa, mashua ikiishiwa mwendo yenyewe. Funga omo hapo. Upepo utakulaza sambamba na mstari wa nguzo mbili za nje, omo likiwa nguzo ya joshi, ubavu ukiegemea nguzo ya demani yenye matairi. Umefunga mlango wa maegesho yako mwenyewe, lakini uko salama. Tua tanga, likunje. Kisha shika kamba ya mwongozo, legeza omo, jivute ndani hatua kwa hatua.

Watu wananiambia, si bora kutia nanga nje na kusubiri? Mahali pengine, sawa. Ziwa letu linafika kina cha mita 1,470, na sehemu nyingi za ufuko huu chini panateremka haraka. Unaweza kutupa nanga karibu na nchi kavu na kamba ikaisha kabla haijagusa kitu. Kama hujui vizuri chini pakoje, usiifanye nanga kuwa tegemeo lako.

Propela imemeza kamba

Kamba za plastiki, hizi tunazoziita manila, zinaelea. Kamba iliyoangukia majini nyuma ya mashua inabaki juu, inavutwa, imekwisha. Weka gia huru mara kamba inapogusa maji, si baada ya kusikia injini inanguruma vibaya. Ikishanaswa, zima, inua injini, ifungue kwa kuzungusha propela kinyume kwa mkono. Kisu kiwe cha mwisho. Kwa kamba za kufungia, nailoni ni bora: inazama, na inanyumbuka kipigo cha upepo kinapokuja, kwa hiyo haing'oi vishikizo. Manila inachakazwa na jua. Ukiiona imeota manyoya na unga, ibadilishe.

Jioni ililala vizuri, asubuhi imegonga

Ulifunga saa kumi na moja jioni, upepo ukitoka kusini. Usiku upepo wa nchi kavu unashuka kutoka vilimani, mashariki, na kuisukuma mashua kuelekea ziwani. Kamba za omo ambazo jioni hazikuwa na kazi sasa ndizo zinazobeba kila kitu. Mchana ziwa linarudisha upepo kutoka magharibi, na zamu inakuwa ya kamba za tezi. Basi ukifunga, usiangalie upepo wa saa hiyo pekee. Vuta kila kamba kwa mkono, na ujiulize mashua itafika wapi hiyo ikibaki peke yake.

Angalia pia mahali kamba inapogusa mbao. Ikisuguliwa usiku kucha, asubuhi unakuta nusu ya nyuzi zimekatika. Kile kile kipande cha mpira wa bustani, kivike hapo.

Ziwa halina maji kupwa na kujaa kama pwani, hivyo watu wanasahau kimo chake. Lakini linapanda kwa mvua na kushuka taratibu kiangazi, na miaka ya 2020 lilipanda hadi likafika kwenye nyumba na miti ya ufukweni. Nguzo zilizokuwa ndefu zikabaki vichwa, na vitanzi vikaanza kuchomoka kwa mawimbi. Kama nguzo yako imebaki fupi, pigilia kipande cha ubao kilichokatiza karibu na kichwa chake, juu ya kitanzi, ili kisipande. Maji yakishuka Septemba na Oktoba, rudi urefushe kamba, la sivyo mashua itaning'inia.

Unatoka, na tezi linakwenda demani

Ni tatizo lile lile kwa kinyume, na tiba ni fupi. Fungua demani kwanza, kisha omo. Ya mwisho ni ya joshi, nguzo ya nje. Kamba hiyo iwe ya kwenda na kurudi: imefungwa kwenye mashua, imezunguka nguzo, mkia umerudi mkononi mwako. Rudi nyuma kwa injini huku ukiivuta, na tezi likishapita nguzo achia mkia. Hakikisha kwanza mkia hauna fundo. Kisha ikusanye kamba yote ndani ya mashua kabla ya kutia gia ya mbele.